Kasha la santuri za babu: moja imepasuka kama kigae, naombeni mwongozo kabla sijaharibu zilizobaki

Binti_Chumbageni:
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada wa wajuzi wa mambo ya zamani maana hapa nyumbani kila mtu ananiambia lake. Tulikuwa tunavunja banda la uani hapa Tanga tukakuta kasha la mbao limefungwa kamba ya katani, babu marehemu alikuwa karani kwenye mashamba ya mkonge enzi hizo, ndani kuna santuri kama arobaini hivi zimeviringwa kwenye magazeti. Kuna nyeusi nzito nene, lebo zake zina picha ya yule mbwa anayesikiliza pembe, na kuna nyingine ndogo nyembamba zinakubali kupinda, hizi zina tundu kubwa katikati. Bibi kazitazama akasema tu "ah, hizo za kinanda" akarudi zake kulala.

Sasa mimi na kiherehere changu nikaenda kununua pleya ya kisasa, ile ya kufunga kama begi unachomeka na USB, muuzaji kaniapia inapiga santuri zote za duniani. Nafika nyumbani ina spidi mbili tu, mizunguko 33 na 45 kwa dakika. Nikaweka moja ya zile nzito nikaipiga kwa 45, kwanza kelele kama mtu anakaanga dagaa, alafu ndani ya hizo kelele kuna mwanaume mwenye sauti nzito anaimba polepole kama kalazimishwa, Kiswahili nakisikia kwa mbali lakini neno silishiki. Nikasema nijaribu ya pili, ile naibeba ikanichomoka, futi mbili tu jamani, ikapasuka vipande vinne kwenye sakafu. Mimi nilijua santuri ni plastiki, plastiki gani inavunjika hivyo? Na pale ilipovunjika ndani ni kijivu kama jiwe.

Naomba kujua hizi nzito zimetengenezwa na nini, na kwa nini lebo inasema imetengenezwa India wakati wimbo ni wa Kiswahili, na hao watu wa kabla ya umeme walikuwa wanaikamataje sauti mpaka inaingia kwenye huo mchirizi, hapo ndo akili yangu inagoma kabisa. Na nifanye nini nisivunje zingine.

Kijana_wa_Makaburini:
Uza dada. Kuna matajiri Ulaya wananunua hizo vitu bei mbaya

Binti_Chumbageni:
Siuzi. Na usiniletee utapeli kama ule wa zebaki nyekundu kwenye cherehani za zamani, shangazi yangu aliliwa hela hivyo hivyo

MzeeWaSpeka:
Salaam aleikum binti yangu. Mimi fundi wa redio hapa Mombasa tangu wakati wa valvu, hizo sahani zimepita mkononi mwangu nyingi. Kwanza kabla ya hadithi, itoe hiyo sahani nzito kwenye hiyo mashine na usiirudishe. Nitakwambia kwa nini.

Una aina mbili za kitu humo ndani ya kasha, watu wanaziita zote santuri lakini ni kama kufananisha kigae na mkeka kwa sababu vyote vinakaa sakafuni. Zile nyembamba zenye tundu kubwa ni plastiki kweli, vinaili, hizo ndo zinapinda. Zile nzito si plastiki hata kidogo, ni shelaki. Unaijua lakiri? Ile nyekundu ya posta, wanaiyeyusha kwa moto wanadondosha kwenye kamba ya bahasha alafu wanagonga muhuri. Basi ndugu yake huyo. Lakiri ya asili ilitengenezwa na shelaki, na hiyo sahani yako ni mambo yale yale, wanaipasha moto ikalainika wakaigonga muhuri, tena muhuri wa pande mbili kwa mpigo mmoja. Ikipoa inakuwa ngumu kama kauri. Hicho kijivu ulichoona ndani ni unga wa mawe, shelaki yenyewe ni sehemu ndogo tu ya ile sahani, kilichobaki ni unga wa mawe na masizi ya kuipa weusi na nyuzi nyuzi za pamba za kuishika isimeguke ovyo.

Na huo unga wa mawe haukuwekwa kwa ubahili peke yake. Sindano za kinanda (ndivyo tulivyoita gramafoni) zile za chuma zilikuwa laini, ukianza kupiga sahani ule unga unainoa sindano mzunguko wa kwanza wa pili mpaka inakaa sawasawa kwenye mchirizi. Ndo maana sindano ilikuwa ya upande mmoja tu, wimbo ukiisha unatupa unaweka nyingine. Wazee walikuwa wananunua vikebe vidogo vya bati vya sindano kama unavyonunua kiberiti. Asiye na hela anarudia sindano ile ile, sahani zake utazijua, zimekuwa kijivu juu.

Sasa pleya yako. Sindano yake ni ya vinaili, ncha yake nyembamba, michirizi ya sahani za shelaki ni mipana karibu mara tatu. Kwa hiyo ile sindano haigusi kuta za mchirizi ambako ndiko sauti iliko, inazama chini kabisa kwenye vumbi la miaka themanini inazunguka huko. Hizo ndo dagaa zako. Na ukifanya kinyume ni mbaya zaidi, ukiweka plastiki kwenye kinanda cha kutia ufunguo, kile kichwa cha sindano kina uzito wa zaidi ya gramu mia wakati mkono wa mashine za leo unakandamiza gramu mbili tatu, utaiona plastiki inatoka unyoya.

Tafuta sindano ya 78, yaani ya hizo sahani nzito, maana zinazunguka mara 78 kwa dakika. Pleya nyingi za sasa ile sindano inachomoka, unaweza kubadilisha.

Na neno la mwisho nisije nikasahau, USISAFISHE KWA SPIRITI. Nimefanya kosa hilo mwenyewe nikiwa kijana, mteja kaleta sahani imeota ukungu, mimi nikachukua kitambaa na spiriti kama ninavyosafisha vichwa vya kaseti, nikaipangusa vizuri. Kitambaa kikawa cheusi nikafurahi nikasema uchafu unatoka. Kumbe wimbo ndo unatoka. Ikabaki sahani haina mng'ao wala sauti, inanata. Yule mzee hakunigombeza, alikaa kimya tu, bora angenigombeza. Tumia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji, kitambaa laini, fuata mzunguko wa michirizi, usiloweshe lebo, kausha kivulini.

Msumeno_Mkali:
Nathibitisha ya mzee hapo juu, mimi ni seremala. Shelaki tunayo mpaka leo, inakuja vipande vipande kama magamba rangi ya asali, unaloweka kwenye spiriti usiku mmoja asubuhi unapaka kwenye mbao inang'aa. Sasa kitu ambacho kazi yake ni kuyeyuka kwenye spiriti ukikipangusa na spiriti unategemea nini. Ila sikujua kabisa ndo ilikuwa santuri, leo nimejifunza

Na kwa wasiojua ile kitu inatoka kwa wadudu. Wadudu wadogo wanakaa kwenye matawi ya miti huko India wanatoa utomvu wanajifunika nao, watu wanaukwangua. Kwa hiyo dada babu yako alikuwa anasikiliza muziki kwenye mate ya wadudu 😂

Binti_Chumbageni:
Jamani 😂😂 Kwa hiyo ndo maana imeandikwa India? Kwa sababu ya wadudu?

Mwl_Kifimbo:
Wadudu wana sehemu yao lakini si sababu kuu, ntafika huko. Ngoja kwanza nijibu lile swali la sauti inaingiaje maana watu wengi watakwambia Edison kavumbua santuri wakaishia hapo

TajiriWaMawazo:
Si ni kweli lakini? Thomas Edison 1877, hata shuleni tumesoma

Mwl_Kifimbo:
Edison alitengeneza fonografu 1877, hilo halina ubishi, ila haikuwa santuri. Ilikuwa mcheduara, yaani pipa dogo la chuma unalizungusha kwa mkono, juu yake kaviringisha karatasi ya bati laini kama hii tunayofungia kuku wa kuchoma. Akaongea kwenye kitundu, sauti ikatikisa kiwambo, kiwambo kikasukuma sindano, sindano ikabonyeza bati juu chini juu chini. Akairudisha mwanzo akazungusha tena na mashine ikamrudishia wimbo wa watoto aliokuwa kausema. Lile bati ukilipiga mara chache tu linakwisha, na ukishalitoa kwenye pipa huwezi kulirudisha likakaa sawa. Kilikuwa kioja cha maonyesho, watu wanalipa kiingilio kusikia mashine inaongea.

Na hata yeye hakuwa wa kwanza kukamata sauti. Miaka ishirini kabla yake kuna Mfaransa, Scott de Martinville, mwaka 1857 alisajili mashine ya kuchora sauti. Chukua karatasi, ipitishe juu ya moshi wa taa kama koroboi mpaka iwe nyeusi kwa masizi, iviringe kwenye pipa, alafu unywele mgumu wa nguruwe uliounganishwa na kiwambo unakwangua ule masizi unachora mawimbi. Huyu bwana hata hakuwaza kuisikiliza, alitaka sauti isomeke kwa macho kama maandishi! Zile karatasi zikakaa kwenye makabrasha Paris mpaka 2008, wataalamu wa Marekani wakazipiga picha wakapitisha kwenye kompyuta, ikatoka sauti ya mtu anaimba wimbo mfupi wa Kifaransa, imerekodiwa 1860. Mara ya kwanza walidhani ni mtoto au mwanamke, baadaye wakagundua wameipiga spidi mara mbili zaidi, ni mwanaume mzima, pengine Scott mwenyewe.

Kwa hiyo swali lako linajibika hivi: sauti ni hewa inayotikisika. Weka ngozi ya ngoma mbele ya mdomo wako uimbe, ikamate kwa vidole utaisikia inatetemeka. Bandika kitu chenye ncha kwenye hiyo ngozi na upitishe kitu laini chini yake, huo mtetemo utachora njia. Ukirudisha ncha kwenye njia ile ile, njia inaitikisa ncha, ncha inaitikisa ngozi, ngozi inaitikisa hewa. Hakuna umeme hapo popote.

TajiriWaMawazo:
Sawa mwalimu nimekubali, sasa sahani ni ya nani

Mwl_Kifimbo:
Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, 1887. Yeye akafanya vitu viwili. Kwanza badala ya sindano kupanda na kushuka akaifanya iyumbe kulia na kushoto, ndo hivyo mpaka santuri zako. Pili akaitupa ile pipa akachukua bamba la zinki la duara, akalipaka nta nyembamba, sindano ikakwangua nta, alafu akalitia kwenye asidi ikala zile sehemu zilizokwanguliwa. Ukishapata bamba la chuma lenye michirizi unatoa muhuri wake, na muhuri unagonga nakala nyingi tu.

Hapa ndipo mshindi alipopatikana kwa maoni yangu. Yale mapipa ya nta ya akina Edison, yaliyokuja baada ya lile bati, mwanzoni hayakuwa na njia nzuri ya kunakili. Mwimbaji anasimama mbele ya mashine kadhaa kwa mpigo anaimba, zinabadilishwa, anaimba tena wimbo ule ule, na tena, siku nzima mpaka koo linakauka. Sauti ya pipa haikuwa mbaya, wengine wanasema ilizidi ya sahani za mwanzo. Ila huwezi kushindana na mtu anayegonga nakala kama anagonga mihuri posta. Berliner alianza na mpira mgumu, mpira ukawa unamsumbua haushiki vizuri, miaka ya 1890 katikati akahamia shelaki, na hapo ikakaa zaidi ya miaka hamsini.

Binti_Chumbageni:
Mwalimu asante sana. Kwa hiyo huyu mwimbaji wangu wa dagaa alikuwa anapiga kelele kwenye pembe? Na India je?

Mwl_Kifimbo:
India sasa. Ile kampuni ya mbwa, Gramophone Company ya London, ilijua mapema kwamba mtu hanunui mashine kama hana wimbo wa lugha yake wa kupiga humo. Wakamtuma fundi wao Fred Gaisberg azunguke Asia na mizigo yake, Novemba 1902 yuko Calcutta anamrekodi Gauhar Jaan, mwimbaji mkubwa wa enzi hizo. Mwisho wa kila wimbo yule mama anajitaja jina lake kwa Kiingereza kwa sauti kali, kwa sababu yale mabamba yalikuwa yanapelekwa Hanover Ujerumani kupigwa mihuri na wale wa kiwandani wangejuaje nani ni nani. Mwaka 1908 wakafungua kiwanda chao Sealdah, pale pale Calcutta. Hapo shelaki iko jirani, wafanyakazi wako, soko liko. Na kutoka Bombay meli kuja Mombasa na Unguja zilikuwa jambo la kawaida kabisa, wazee wetu wa pwani walikuwa karibu na Bombay kuliko na Tabora.

Basi 1928 HMV, ndo hao hao wa lebo ya mbwa, wakampeleka Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, Bombay na wenzake kina Subeti, Mbaruku, Buda na Maalim Shaaban. Siti huyo ni mtoto wa Fumba aliyekuwa anatembeza vyungu vya udongo, Shaaban Robert kaandika wasifu wake. Akavuka bahari kuimba Kiswahili kwenye nta, sahani zikarudi pwani kwa meli. Biashara ilipoonekana inalipa kampuni zingine nazo zikaja mbio. Kwa hiyo lebo yako inasema India kwa sababu kiwanda kilikuwa India, na usishangae hata kama kundi zima lilipanda meli.

Kuhusu pembe, inategemea mwaka wa sahani yako. Kabla ya 1925 ndiyo, ni pembe tupu. Chumba kidogo, pembe la bati limetoka ukutani, waimbaji na wapigaji wamebanana mbele yake kama abiria wa daladala ya jioni. Sauti ikifika sehemu ya juu fundi anamvuta mwimbaji nyuma kwa mabega ili sindano isiruke, ikishuka anamsukuma mbele. Fidla haisikiki wakabuni fidla yenye pembe lake la bati. Ngoma kubwa ni marufuku inatimua sindano. Na kwa kuwa mwendo wa bamba lazima uwe sawa bila kusita, mashine haikuendeshwa kwa mkono wala springi, ilikuwa na jiwe zito linashuka taratibu kwa kamba kama saa ya ukutani. Jiwe likifika chini muda wako umekwisha.

1925 ikaja maikrofoni na amplifaya, mtu anaweza kuimba kwa kunong'ona na ikaingia. Kwa hiyo kina Siti 1928 hawakuwa na haja ya kupigia pembe kelele, pembe lilishastaafu kwenye kampuni kubwa. Kilichobaki kuwabana ni dakika tatu. Sahani ya inchi 10 upande mmoja ni dakika tatu na ushee, sasa taarabu ya beti kumi na mbili utaitia wapi? Ukisikia wimbo wa zamani umekatika ghafla kama mtu kaitwa mlangoni usimlaumu mwimbaji. Mara nyingi waligawa, nusu upande huu nusu upande ule.

Kiptoo_wa_Kericho:
Nimependa hii stori wacha niongeze ya kwetu. Huku Kericho santuri na gramafoni zilifika na wamishenari na walowezi, na kati ya hizo kulikuwa na za Jimmie Rodgers, mzungu wa Marekani wa gitaa na kuyodeli, ile ya kuimba kwa kurusha sauti juu na chini. Wakipsigis wakasikia jina wakalitamka Chemirocha. 1950 Hugh Tracey kutoka Afrika Kusini akaja na mashine yake ya kurekodi akakuta wasichana wana wimbo kabisa wa Chemirocha, wanamwimbia kwamba ni nusu mtu nusu swala, wanamwita aje acheze. Huyo jamaa Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933! Mtu amekufa Amerika huku kwetu amekuwa kiumbe cha msituni kwa sababu ya sahani 😄 mimi nikisikia watu wanasema teknolojia inaua utamaduni nakumbuka hiyo.

MzeeWaSpeka:
Hahaha Kiptoo umenikumbusha, huku pwani tulikuwa tunaambiwa na wakubwa mle ndani ya kasha kuna watu wadogo. Mimi nilifungua kinanda cha mjomba kuwatafuta nikakuta springi, ikanirukia usoni. Alama ninayo mpaka leo chini ya jicho, na ndo nikawa fundi.

NyotaYaKariakoo:
Hakuna aliyegusa zile nyembamba zenye tundu kubwa, wacha mimi niingie maana hizo ndo za rika la wazee wangu. Hizo ni 45, inchi 7, vinaili.

Ilikuwa hivi. Vita ya pili ya dunia ikakata njia za shelaki kuja Ulaya na Marekani, na jeshi nalo lina shida nayo kwa kazi zake, 1942 serikali ya Marekani ikaweka mgao. Watu wakaambiwa rudisheni sahani kuukuu zisagwe zitengenezwe mpya. Alafu jeshi la Marekani likataka kuwapelekea askari wake muziki huko waliko, sahani za shelaki zinafika unga, wakaanza kutumia vinaili kwa hizo za jeshi. Vita ilipoisha watu wameshajua kuna kitu hakivunjiki na hakina unga wa mawe, kwa hiyo kelele chini na michirizi inaweza kuwa myembamba.

Juni 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani wakatoa santuri ndefu ya spidi 33 na theluthi, LP, dakika zaidi ya ishirini kila upande. RCA wakakasirika, hawataki kutumia kitu cha mpinzani, Machi 1949 wakatoa 45 yao yenye tundu kubwa. Kwa muda mnunuzi anasimama dukani hajui anunue mashine gani, spidi tatu zinagombana, mwishowe wakaelewana kimyakimya, LP kwa albamu, 45 kwa wimbo mmoja mmoja. Shelaki ikafa polepole, huku kwetu na India ikachelewa kufa kuliko kwao.

Kitu kinachonifurahisha mimi ni urefu. Chukua LP, piga hesabu, mizunguko 33 na kitu kwa dakika mara dakika 22, kila mzunguko wastani kama sentimita 63, unapata mchirizi mmoja wa karibu mita 460. Upande mmoja tu. Ile nzito ya babu haifiki hata mita 150.

Kwenye lebo za hizo 45 angalia, bila shaka nyingi zimeandikwa Nairobi. Bendi za Bongo zilikuwa zinapanda basi kwenda kurekodi kule au tepu zinapelekwa kule, maana sisi hatukuwa na kiwanda cha kugonga santuri kinachofanya kazi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa 1977 ikawa kasheshe nyingine.

Na usiziache juani tafadhali. Baba yangu aliacha moja kwenye dashibodi ya Peugeot 404 mchana mmoja tu, jioni imekuwa bakuli. Mama akaitoboa tundu zaidi akapanda maua.

Binti_Chumbageni:
NyotaYaKariakoo kweli! Nimeangalia, kumi na tatu zimeandikwa Nairobi. Nimezipiga tatu ziko safi kabisa, moja ina jina la babu kwa kalamu nyuma na tarehe. Ila hizi nzito sasa, spidi 78 naipata wapi? Sina hela ya kununua mashine nyingine mwezi huu

Dj_Mstaafu:
Dada huhitaji mashine nyingine, unahitaji ile sindano aliyokwambia mzee hapo juu na kompyuta. Piga santuri kwa 45 huku unarekodi kwenye laptop kwa hiyo waya ya USB. Programu ya Audacity ni ya bure, ikishaingia chagua wimbo wote, nenda sehemu ya kubadilisha spidi, mle kuna chaguo la kutoka 45 kwenda 78 limeshawekwa tayari, bonyeza. Usiguse ile ya kubadilisha tempo peke yake utapata kitu cha ajabu, unataka spidi na wembamba wa sauti viongezeke pamoja.

Alafu ikiwa pleya yako ina swichi ya steriyo na mono weka mono. Sahani hizo ni za kabla ya steriyo, upande wa kushoto na wa kulia ni kitu kile kile, ukiunganisha kelele kiasi fulani zinajikata zenyewe. Usikimbilie kusafisha kelele zote kwa programu, utabaki na mwimbaji anaimba ndani ya pipa la maji. Dagaa wachache waache.

Kijana_wa_Makaburini:
Na ile iliyovunjika vipande vinne? Gundi?

MzeeWaSpeka:
Usitie gundi binti, wala usitupe. Vipande vifunge kwa karatasi laini kila kimoja peke yake, weka pamoja kwenye bahasha. Wako watu wanavipanga bapa wanavipiga picha kwa mashine na kompyuta inafuata mchirizi kwa macho, kama zile karatasi za masizi alizosema mwalimu. Leo hatuna mashine hiyo hapa, kesho nani ajuaye. Zilizo nzima zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya moja, ya chini itapasuka kwa uzito.

Binti_Chumbageni:
Wakuu narudi na mrejesho, imechukua wiki mbili kupata sindano, nimeagizia Dar imekuja na basi.

Nimeosha ile ya kwanza kwa maji na sabuni kama mzee alivyosema, maji yalitoka rangi ya chai, mikono inatetemeka kama namwogesha mtoto mchanga. Nikarekodi kwa 45, yule mwanaume bado yuko anaimba kwa kujivuta ila dagaa wamepungua sana. Nikaingia Audacity nikafanya kama Dj alivyoelekeza, nikabonyeza pleya.

Sio mwanaume. Ni mwanamke! Sauti nyembamba, kali, inapanda juu kabisa, na udi nyuma yake unakimbia. Nilikuwa nimekaa na mwanaume wa uongo wiki mbili zima, kumbe ni kama yule Mfaransa wa mwalimu ila kinyume chake. Maneno karibu yote nayasikia sasa.

Nikaongeza sauti kidogo, nikasikia mlango wa bibi unafunguka. Akaja na khanga yake mpaka kwenye kiti, akakaa, hakuniuliza chochote, anasikiliza tu, wimbo ulipokatika nikamtazama nikidhani atalia au atasema kitu kuhusu babu. Akasema, "Umeanzia mwisho. Hiyo ni sehemu ya pili, geuza."